Jiwe, Korosho na Somo la Lugha

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikawaeleza wanafunzi wangu maana yake ya nje na maana yake ya ndani, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuinama kwa dhati mpaka Desemba iliyopita, nilipoketi mkekani katika kisiwa cha Wasini, jiwe moja katika kila mkono na damu ikinitoka kidoleni. Nilikuwa najaribu kutengeneza kifaa cha jiwe kwa namna walivyotengeneza watu waliotutangulia duniani. Nimeona niwasimulie walimu wenzangu na wanafunzi yaliyonifika huko. Sisukumwi na kidole changu, ambacho kimekwisha kupona. Nasukumwa na neno moja nililofundishwa siku ile, neno ambalo nilidhani nalijua.

Mambo yalianzia darasani. Kila mwaka mimi hutoa mihadhara miwili mitatu juu ya chimbuko la lugha ya binadamu, na aghalabu huanza na mawe. Huwakumbusha wanafunzi kwamba nchi yetu ndiyo yenye vifaa vya mawe vya kale zaidi kuliko vyote vinavyojulikana ulimwenguni: vile vya Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, vilivyogunduliwa mwaka 2011 na kutangazwa mwaka 2015, ambavyo umri wake ni miaka milioni 3.3. Huwataja Louis na Mary Leakey na kazi yao ya Olorgesailie. Huwaeleza kwamba mwaka 1964 Louis Leakey na wenzake wawili walikiita kiumbe kimoja cha Olduvai *Homo habilis*, yaani mtu mwenye mikono stadi, kwa kuwa waliamini kuwa yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mawe yale. Kisha huuliza swali ambalo wanaisimu hawajakubaliana juu ya jawabu lake: je, mafundi wale wa kwanza walisema? Na kama hawakusema, walifunzana vipi?

Mwaka jana, nilipokuwa katikati ya maneno hayo, mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza kwa adabu, "Daktari, wewe mwenyewe umewahi kutengeneza hata kimoja?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Lakini jawabu la kweli lilikuwa ni hapana, na swali lile nilikwenda nalo nyumbani.

Si swali la mzaha. Mwaka huo huo wa 2015, mbali na habari za Lomekwi, kundi la watafiti likiongozwa na Thomas Morgan lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Waliwachukua watu 184 wasiojua lolote juu ya ufundi wa mawe, wakawagawa katika makundi matano. Kundi la kwanza lilipewa vibanzi vya mawe vilivyokwisha kutengenezwa, likaachwa ligundue lenyewe namna ya kuvipata. La pili lilimtazama fundi akifanya kazi, likamwiga. La tatu lilifundishwa kwa kusahihishwa kimya, mwalimu akimgeuza mwanafunzi mkono na jiwe. La nne mwalimu aliruhusiwa kuashiria kwa mikono. La tano mwalimu aliruhusiwa kusema. Kila aliyejifunza alimfundisha aliyemfuata, mpaka vikapatikana vibanzi zaidi ya 6,000, vikapimwa kimoja kimoja. Walioiga tu hawakufanya vizuri sana kuliko walioachwa peke yao. Waliofundishwa walifanya vizuri zaidi, hasa wale waliofundishwa kwa maneno.

Matokeo haya nilikuwa nikiyasimulia darasani kama mtu anayesimulia safari ya mwenzake. Basi nikaamua kusafiri mwenyewe.

Nilichagua Wasini kwa sababu nilikuwa na kazi nyingine huko. Wasini ni kisiwa kidogo, urefu wake yapata kilomita tano, mkabala na Shimoni katika pwani ya kusini ya Kwale. Hakina motokaa. Kwa muda mrefu maji yake matamu yamekuwa ya mvua, yakikingwa kwenye birika. Wanaisimu wanakijua kwa ajili ya Kivumba, lahaja izungumzwayo Wasini na Vanga, ambayo H. E. Lambert aliiandikia kitabu mwaka 1957. Na upande wa bara, kuanzia Gazi hadi Shimoni, mna Chichifundi, ambayo hata jina lake lachukua kiambishi chake chenyewe, *chi-* badala ya *ki-*. Nilikwenda kurekodi usemi wa wazee. Mkobani nilitia kinasa sauti, daftari, glavu za ngozi na miwani ya kukinga macho. Vitu hivi viwili vya mwisho ni vya lazima, na atakayejaribu bila hivyo asinitaje.

Msingi wa ufundi wenyewe, kama uelezwavyo vitabuni, ni huu. Tafuta jiwe gumu lenye chembe laini zilizoshikamana sawasawa, mfano wa kioo. Litafutie ukingo ambao nyuso mbili zinakutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Kwa jiwe jingine, la mviringo, piga karibu na ukingo huo. Nguvu ya pigo husafiri ndani ya jiwe kama wimbi, na upande wa chini hubanduka kibanzi chembamba chenye makali. Kukisoma ni dakika moja.

Wasini mawe hayakosekani. Kisiwa kizima ni jiwe. Lakini ni jiwe la matumbawe, mwamba uliojengwa na viumbe vya baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Mwamba huo hukata nyayo za mpita pekupeku, na kwa hiyo nilidhani kwamba kilicho kikali kikiwa kizima kitakuwa kikali zaidi kikivunjwa. Nilijidanganya. Nilipolipiga tumbawe la kwanza, pigo lilimezwa na vitundu vyake kama maji yanavyomezwa na mchanga. La pili lilimomonyoka likawa unga. La tatu lilipasuka katikati, uso wake ukiwa umeparara kama mkate wa juzi. Jiwe hili limejenga misikiti na nyumba za pwani yetu kwa karne nyingi, nalo likichomwa hutoa chokaa, lakini halikuumbwa kutoa makali.

Hapo nikawakumbuka watu wa Panga ya Saidi. Hilo ni pango lililo katika Kaunti ya Kilifi, kilomita kama 15 kutoka baharini, ambalo Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani wamelichimba kwa uangalifu mkubwa. Watu wameishi humo kwa vipindi vingi tangu miaka 78,000 iliyopita. Ndimo lilimopatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, lililotangazwa Mei 2021, ambalo ni la kale zaidi kati ya makaburi ya Afrika yanayojulikana. Pango lenyewe ni la mawe ya chokaa, tena ya kale zaidi na yaliyoshikamana zaidi kuliko matumbawe yetu. Wakaaji wake waliyatumia hayo, pamoja na cherti na kwatzi. Kuanzia miaka 67,000 hivi iliyopita vifaa vyao vikawa vidogo zaidi. Kwa hiyo wapwani wale walijua kuchagua. Walijua jiwe lipi la kuliacha na lipi la kulibeba.

Nami nikatafuta la kubeba. Baharia kijana aliyenivusha kutoka Shimoni aliniletea kesho yake mfuko wa kokoto za kwatzi, yale mawe meupe magumu yenye kung'aa kama kioo kichafu, alizoziokota katika mkondo mkavu wa mto upande wa bara. Nilizipiga asubuhi nzima. Kokoto ni ya mviringo, haina ukingo. Kila nilipoipiga jiwe la kupigia liliteleza. Nilipoongeza nguvu, kokoto ilirukia kule na jiwe likanishukia kidoleni, maana glavu nilikuwa nimeivua kwa ajili ya joto. Naam, nilistahili.

Barazani mwa nyumba ya jirani alikuwa ameketi bibi mmoja mtu mzima, mbele yake sinia la korosho zilizokwisha kuchomwa, alizoletewa kutoka ng'ambo. Alikuwa akinitazama muda mrefu. Nilipoinuka kuosha kidole nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wafanyani na mawe hayo tangu asubuhi?"

"Natengeneza kisu, bibi."

"Kisu! Dukani vimekwisha?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza habari za watu wa kale, na pango la Kilifi, na mwanafunzi aliyeniuliza swali. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi yake. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria kila siku tangu hapo.

"Mwanangu, wewe waponda. Hubanji."

Mimi ni mtu wa kamusi. Neno *banja* nalijua. Ukiniuliza nitakwambia ni kitenzi, ni kupasua kitu chenye ganda gumu kama vile korosho. Lakini nilipomwuliza bibi kuna tofauti gani kati ya kuponda na kubanja, hakunipa maana. Alinipa korosho na mawe mawili. "Keti," akasema.

Nikaketi. Korosho ya kwanza niliisaga, ganda na kiini vikawa kitu kimoja. Ya pili vivyo hivyo. Bibi alichukua ya tatu, akaisimamisha juu ya jiwe la chini kwa mgongo wake, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaipiga pigo fupi. Mkono wake haukuendelea kushuka, ulifika ukanyanyuka. Ganda likafunguka sehemu mbili, kiini kikatoka kizima kama kilivyoumbwa. "Jiwe halitaki nguvu," akasema, "lataka mahali. Ukiponda, wataka kitu kife. Ukibanja, cha nje kife, cha ndani kipone." Nikajaribu tena. Alinisahihisha kwa maneno machache machache: simamisha, usikaze bega, tazama mahali, usitazame jiwe. Ya sita ilitoka nzima, na furaha niliyoipata sikuipata siku nilipokabidhiwa shahada ya uzamifu.

Kisha nikarudi kwa kokoto zangu. Niliisimamisha moja juu ya jiwe la chini kama fuawe ya mhunzi, nikaishika kwa ncha za vidole vilivyovaa glavu, nikavaa miwani, nikaipiga utosini pigo fupi lililonyooka. Pigo la tatu likaipasua. Katika vipande vilivyoanguka mkekani kilikuwamo kibanzi kimoja, urefu wake kama kucha ya kidole gumba, chembamba upande mmoja hata mwanga wa jua ulipenya. Nilikipitisha juu ya mshipi wa kuvulia, ukakatika. Bibi alikipokea, akakigeuzageuza, akampasua changu mdogo tumbo, akamtoa matumbo. "Kwa leo kitafaa," akasema, akanirudishia.

Baadaye, nilipovipitia vitabu upya, niligundua kuwa bibi yule alinifundisha njia yenye historia ndefu. Kuisimamisha kokoto juu ya jiwe la chini na kuipiga kutoka juu ni njia iliyotumiwa katika pande nyingi za dunia, hasa palipokuwa na kokoto ndogo za kwatzi zisizo na ukingo. Hata mafundi wa Lomekwi, waliokuwa na mawe makubwa, mengine yenye uzito wa kilo 15, waliyapigia juu ya mawe mengine yaliyowekwa chini, na wako wataalamu wanaodhani kuwa ufundi wa kutengeneza makali ulizaliwa na kazi ya kubanja vitu vyenye ganda. Sokwe wa Guinea na Kodivaa hubanja kokwa kwa mawe mpaka leo, na mtoto wa sokwe huchukua miaka kadhaa kuipata kazi hiyo kwa kumtazama mama yake. Mkorosho kwetu ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Jiwe la juu na jiwe la chini si wageni.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana ndilo lililonipeleka kuandika makala haya. Kiswahili kina jamaa kubwa ya vitenzi vya kuharibu umbo la kitu kigumu. *Kuvunja* ni kwa jumla. *Kugonga* ni kupiga hata pasipovunjika kitu. *Kuponda* ni kukifanya kitu kipoteze umbo. *Kutwanga* kuna kinu na mchi. *Kusaga* kuna mawe mawili na mzunguko au msuguano. *Kupasua* hufuata mstari. *Kumega* ni kwa mkono, tena kilicho laini. *Kuchonga* ni kuondoa kidogo kidogo mpaka umbo lililokusudiwa litokee. Na *kubanja* ni kuvunja cha nje kwa ajili ya cha ndani. Kila kimoja cha vitenzi hivi kimebeba ndani yake kiasi cha nguvu, upande wa pigo na kusudi la mpigaji. Bibi hakunipa kisawe. Aliponiambia "hubanji" aliniambia kwa neno moja kwamba bega langu lilikuwa limekaza, kwamba macho yangu yalitazama pasipofaa, na kwamba kusudi langu lilikuwa baya. Kitabu kingehitaji ukurasa mzima.

Nadhani hili ndilo lililotokea katika jaribio la mwaka 2015. Wanaotazama tu huona mkono ukipanda na kushuka. Hawaoni ni kipi kati ya mambo kumi anayoyafanya fundi ndicho chenye kazi. Neno hukitenga kile kimoja, likakiweka mbele ya mwanafunzi. Lakini tahadhari yahitajika, na msomaji mwanafunzi alitie hili maanani kabla hajaandika insha. Mwaka 2022 watafiti wengine walionyesha kuwa watu wasiofundishwa kabisa, wakipewa mawe na haja ya kukata kitu, waliweza kuzigundua wenyewe mbinu za mwanzo za ufundi huo. Kwa hiyo haturuhusiwi kusema kwamba bila lugha kisingepatikana kibanzi hata kimoja. Lililo bayana ni dogo kuliko hilo: lugha hufupisha njia. Nami nilikuwa nimepiga mawe asubuhi nzima bila mafanikio, nikafanikiwa baada ya maneno machache.

Hata hivyo maneno yale hayakunifaa kwa sababu yalitamkwa tu. Yalinifaa kwa sababu nilikuwa na jiwe mkononi. Lau bibi angenieleza hayo barazani nikiwa na kalamu na daftari, ningeyaandika vizuri sana, nikarudi mjini bila kuyajua.

Na hapa ndipo ninapolazimika kusema jambo lisilonipendeza. Mwaka 2014 alinijia mwanafunzi wa uzamili, msichana mtulivu mzaliwa wa sehemu za Msambweni. Alitaka kuandika tasnifu juu ya msamiati wa kazi za mikono za wanawake wa kwao: kubanja korosho, kusuka ukili, kukuna nazi, na namna nyanya yake alivyokuwa akiwafundisha wajukuu. Nilimwambia mada hiyo haina uzito. Nilimwambia ni orodha ya maneno, wala si isimu. Akachague jambo katika sintaksia, atapata kazi upesi. Alinitii. Aliandika tasnifu nzuri juu ya vishazi tegemezi, ikawekwa kwenye rafu, na sidhani kama yuko mtu wa tatu aliyeisoma.

Niliporudi kutoka Wasini nilimtafuta kwa simu. Sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Nilimwomba radhi, naye akacheka kwa heshima akasema kuwa amekwisha kusahau, jambo ambalo sikuliamini. Nikamwuliza kama nyanya yake yu hai. "Alifariki mwaka 2019, Daktari." Nikamwuliza kama yupo mwingine nyumbani anayejua maneno yale. "Mama yupo," akanijibu. "Ila habanji tena. Siku hizi hununua zilizokwisha kubanjwa."

Walimu wenzangu, maneno hufa namna hiyo. Hayafi kwa kupigwa marufuku wala kwa kutokamusishwa. *Banja* limo kamusini, litaendelea kuwamo, na mwanafunzi ataweza kulitungia sentensi apate alama yake. Hufa wakati mkono unapoiacha kazi, likabaki ganda bila kiini. Tumezoea kulia kwamba Kiingereza na Sheng vinakimeza Kiswahili, na kilio hicho kina sababu zake. Lakini mbona hatulii kwamba sisi wenyewe tunafundisha Kiswahili kisichogusa kitu? Nimewahi kumsikia mtoto wa darasa la mjini akieleza kuwa mbuzi ni mnyama tu, na nikamsahihisha kwa maneno kuwa iko mbuzi ya kukunia nazi. Alitikisa kichwa akaandika. Alichokiandika ni kipi, hata mimi sijui.

Tuna fursa ambayo waliotufundisha sisi hawakuwa nayo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, unadai kwamba mwanafunzi apimwe kwa kile awezacho kukifanya. Malalamiko juu ya mtaala huo ni mengi, na mzazi aliyetafuta makorokoro usiku ili mtoto wake afanye mradi ana haki ya kulalamika. Lakini somo la Kiswahili halihitaji makorokoro ya dukani. Lahitaji mzee mmoja, kazi moja na daftari moja. Mwalimu wa Kwale na amwalike mbanja korosho, au fundi wa mashua atiaye kalafati. Wa Kisumu na amwalike mfuma nyavu, wa Machakos mchonga vinyago. Wanafunzi wafanye kwanza kwa mikono yao, wakosee, wasahihishwe; ndipo waandike maana ya kila kitenzi walichokisikia, kwa maneno yao, kisha walinganishe na kamusi. Watagundua kwamba mahali pengi kamusi ni maskini kuliko yule mzee. Mwisho wa mwaka shule itakuwa na kamusi yake ndogo ya kazi za mahali pake, nami naahidi kuisoma.

Kwa wanafunzi watakaovutiwa na mawe yenyewe nina maonyo mawili. La kwanza nimekwisha kulitaja: vibanzi huruka, na jicho halina badala. La pili ni kwamba vifaa vya kale vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Usiokote kitu katika mapango na mahame, wala usivunjie mawe yako huko ukavichanganya vibanzi vyako vya jana na vya miaka elfu sitini iliyopita, ukawasumbua watafiti wa kesho. Beba kokoto zako, pigia nyumbani juu ya turubai, na ukimaliza zoa kila kipande.

Kibanzi changu cha Wasini sasa kiko juu ya meza yangu ofisini, ndani ya kisahani, pamoja na kokoto mbili ambazo hazijapasuliwa. Muhula huu, nitakapofika kwenye mhadhara wa chimbuko la lugha, sitaanza na Lomekwi. Nitatandaza mkeka mbele ya darasa nimwite yule wa nyuma aketi. Na yule mwalimu wa Msambweni amekubali kuja likizo ijayo kwenda nami kwao, tumwombe mama yake aketi nasi barazani na sinia moja la korosho zenye maganda yake. Amesema mama atatucheka. Na atucheke, ilimradi abanje.